Maji Matamu ya Bi Zuhura

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu mliyemwambia kwamba sasa hana haja ya kuwahi kokote. Nimeitundika sebuleni kwangu huku Goba na inakwenda vizuri. Pamoja na saa mliniomba niandike chochote kuhusu kazi, mkisome nyie mnaobaki na wale watakaokuja. Nimeanza mara kadhaa nikachana. Kila nikianza na vyeo nasinzia mwenyewe, kwa hiyo vyeo nimeviacha vilale kwenye faili langu la utumishi. Nitawaandikia vitu nilivyoviona, maana hadi leo nikivikumbuka mwili hunisisimka.

Nilipoingia maabara kwa mara ya kwanza nilitegemea mashine. Nilikuwa nimetoka chuoni na koti jeupe alilonipigia pasi mama mwenyewe, na kichwani nina fomula za kutosha kumchosha yeyote. Aliyenipokea alikuwa Bwana Nampoto, mkemia wa siku nyingi, mtu wa Mtwara. Kaka zake wote walikuwa wachonga vinyago. Yeye peke yake aliponyoka akaangukia kwenye kemia, na alipenda kusema kwamba kwao bado hawajamsamehe. Hakunionyesha mashine hata moja. Alichota maji yaliyotuama kwenye kisahani cha chungu cha maua pale dirishani, akaweka tone moja chini ya darubini, akaniambia niangalie, kisha akaenda zake kunywa chai.

Niliangalia. Ndani ya lile tone kulikuwa na vinavyokimbia, vinavyozunguka, vinavyojikunja na kujikunjua, na kimoja cha kijani kilichokuwa kinamezwa na mwenzake bila haraka yoyote. Nilisahau hata kuvuta kiti. Aliporudi alinikuta bado nimeinama, mgongo unauma, machozi yananitoka, na sikujua kama ni ya taa au ya kitu kingine. Hakuniuliza nimeona nini. Alisema tu kwamba siku nitakayoinama kwenye darubini nisishangae, niombe uhamisho wa kwenda uhasibu.

Huyo ndiye aliyenilea kikazi. Alikuwa na utaratibu ambao wengi wenu mliuona kwangu mkadhani ni uzee: sampuli ikija, kwanza iangalie kwa macho, halafu inuse kwa mbali, halafu darubini, na mashine ije mwisho. Mashine, alikuwa akisema, inajibu kile ulichoiuliza tu, haikuonei huruma ikakuongezea. Miaka ile tulipima sana mahindi na karanga, tukitafuta sumu ya ukungu. Tulikuwa tunafua glavu na kuzianika kwenye kamba kama soksi, jambo ambalo nyie mkilifanya leo mtaandikiwa barua. Nakumbuka siku ya kwanza aliponizimia taa na kuwasha ile taa yetu ya zambarau juu ya karanga mbovu. Sumu iling'aa buluu, nzuri kabisa, buluu ambayo ungetaka kushona nayo gauni. Nilisimama pale gizani nikiwaza, mbona kitu kinachoua kimepewa uzuri wote huu? Bwana Nampoto alisema swali hilo halimo kwenye fomu, akawasha taa.

Alistaafu kabla virutubisho havijaingia kwa fujo. Nyie mmevikuta vimejaa, vidonge na unga na chupa zenye picha ya mtu amefura misuli. Sisi tuliona vikija kimoja kimoja mpaka meza ikajaa. Vya kijani ndivyo vilivyonishika. Vingi vinatengenezwa kwa mwani mdogo sana usioonekana kwa macho matupu, huu wanaouita spirulina. Chini ya darubini ni uzi wa kijani uliojisokota kama springi ya kalamu, na unajizungusha taratibu wenyewe. Ni chakula kweli, sikatai. Tatizo ni kwamba una ndugu zake. Kuna mmoja wa mviringo, vijidoa vidogo vinavyoishi vimeshikana kwenye fungu, na baadhi yao hutengeneza sumu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini. Mkulima akivuna kijani hawezi kujua amevuna nani.

Kwa sumu ile tulinunua seti ya kupimia, ile sahani yenye vishimo. Wageni huwa inawachanganya, kwa hiyo naeleza tena. Unaweka sampuli kwenye vishimo, unaongeza dawa zake, unasubiri. Kishimo kikijaa rangi, hakuna cha kuogopa. Kikipauka, sumu ipo. Miaka yote hiyo sikuizoea, kwamba unakaa unaomba Mungu rangi ije.

Sasa niwaambie kuhusu Bi Zuhura, maana ndiye aliyenifanya nikubali kuandika.

Alikuja mwenyewe mapokezi, kabeba boksi la barafu. Ni mama wa Mbagala, wa ukoo wa Kiarabu uliokuwa ukiuza duka kule tangu babu zake, na yeye ana duka la nafaka na viungo. Nyuma ya duka ana mabirika ya saruji ambamo anafuga mwani. Alijifunza kwenye semina ya kina mama, akachukua mbegu kidogo kwenye chupa, akaikuza. Anavuna kwa kitambaa, anakamua, anauza ule ujiuji mzito ukiwa mbichi kwenye vikombe. Alitaka kupeleka bidhaa yake madukani, na huko walimtaka cheti cha maabara. Ndani ya boksi kulikuwa na sampuli mbili, moja ya birika la zamani na moja ya birika jipya.

Nilimuuliza tofauti yake. Birika la zamani, alisema, lina maji ya magadi, makali, kama walivyofundishwa. Lakini wateja walikuwa wanalalamika. Mwani una ladha ya magadi, watoto wanautema. Yeye naye, kwa roho yake, aliyaona yale maji kama machafu, yanateleza mkononi, yanaacha ukungu mweupe kwenye kuta. Akajenga birika jipya, akalisugua, akajaza maji matamu ya kisima na mbolea kidogo, akatia mbegu. Likachanua kijani kuliko la kwanza, na ladha ikawa laini. Alinieleza hayo kwa fahari ya mtu aliyeboresha kitu.

Kisha akanieleza habari za Rehema, mjukuu wake. Mtoto alizaliwa njiti, kabla ya miezi kutimia, mama yake yuko Oman kikazi, na bibi ndiye kila kitu. Tangu aanze kula, Rehema alikuwa akipewa kikombe cha mwani kwenye uji kila asubuhi, na akanyanyuka, akatembea. Tangu birika jipya lianze anapewa wa huko, maana ni mtamu.

"Ila siku hizi kanywea tena," alisema. "Hataki kula, analala tu. Nimemwongezea na kikombe cha jioni."

Nilimwambia, kwa upole kadiri nilivyoweza, asimpe tena mpaka majibu yatoke. Alikubali, lakini uso wake ulionyesha kwamba namnyang'anya mtoto chakula.

Niliweka tone la birika la zamani chini ya darubini. Springi tupu, safi, zinajizungusha. Nikaweka la birika jipya. Springi zilikuwepo, lakini katikati yake kulikuwa na mafungu ya vijidoa vya mviringo, mengi, yametulia kabisa. Nilikaa nayaangalia muda mrefu. Yalikuwa mazuri, na sioni haya kusema hivyo.

Nikapeleka kwenye sahani ya vishimo. Seti yetu wakati ule ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya kupima maji, na maelekezo yake yalisema chuja upime maji. Tukafuata. Vishimo vyote vikajaa rangi, vya birika la zamani na vya birika jipya sawasawa. Kwa mujibu wa kipimo, sumu haikuonekana. Mkuu wetu wa kitengo, Bwana Shirima, aliangalia vishimo, akaangalia darubini, akakuna kichwa. Njia rasmi ilisema hivi na macho yetu yalisema vile. Tulikubaliana nisisaini cheti mpaka turudie wiki inayofuata, nikaweka mabaki ya sampuli kwenye friza, nikaenda nyumbani. Ilikuwa Ijumaa.

Nisichokijua ni kwamba jioni ile Bi Zuhura alipiga simu mapokezi kuulizia, na simu ikapokelewa na Neema, mkemia mwenzangu ambaye sasa ndiye anakalia kiti changu. Neema alimwambia ukweli kama ulivyokuwa kwenye karatasi, kwamba kipimo kimetoka safi. Kosa lake sijaliona mpaka leo. Mngekuwa nyie mngesema hivyo hivyo.

Mwisho wa juma ule umeme ulicheza sana upande wetu wa Temeke, unakatika, unarudi, unakatika. Jenereta nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Jumatatu Neema alifungua friza akakuta sampuli zimeyeyuka, zimeganda nusu, zimeyeyuka tena. Sheria mnaijua, sampuli iliyoyeyuka ni ya kutupa. Alikuwa ameshazibeba kwenda kuzitupa nilipomuuliza kwa nini mkononi kuna buluu.

Nikawaita wote. Kopo la mwani wa kijani lilikuwa limetoa maji ya buluu. Sijawahi kuona buluu ile kokote, si kwenye kitambaa wala kwenye maua. Bwana Shirima alilishika akaliinua dirishani, na mwanga ukapita ndani yake. Ile buluu huishi ndani ya mwani siku zote, tunaifahamu vitabuni, lakini kijani huificha. Ili itoke, lazima kile kiumbe kipasuke. Barafu ilikuwa imewapasua. Kuganda na kuyeyuka kulikuwa kumefungua kila chembe iliyokuwemo.

Ndipo tulipotazamana mimi na Shirima, maana wote wawili tulifika mahali pamoja. Ikiwa buluu imetoka, basi na kila kilichokuwa ndani kimetoka. Sisi Ijumaa tulikuwa tumepima maji yaliyowazunguka. Wao wenyewe tulikuwa hatujawapima.

Tulichuja, tukapanga vishimo upya, tukasubiri. Vya birika la zamani vikajaa rangi vizuri. Vya birika jipya vikabaki vyeupe, mstari mzima. Tulipunguza sampuli kwa maji, tukapunguza tena, na bado vilipauka. Kwa upande mmoja nilikuwa nimeona jambo ambalo ningeweza kufa bila kuliona, TANESCO na friza bovu vimetufundisha kazi yetu. Kwa upande mwingine kulikuwa na mtoto Mbagala.

Nikamwambia Neema apige simu haraka amkumbushe yule mama asimpe mtoto. Neema akawa mweupe kama vile vishimo. Hapo ndipo aliponiambia habari ya Ijumaa.

Simu ya Bi Zuhura haikupatikana. Kwao nako umeme haukuwepo, simu imeisha chaji. Tukachukua gari la ofisi, mimi na Neema, na barabara ya Kilwa ilikuwa na foleni yake ya kawaida.

Tulimkuta Bi Zuhura dukani anapima mchele. Alifurahi kutuona, alidhani tumeleta cheti. Rehema alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma ya kaunta, kikombe kitupu pembeni yake. Nilipiga magoti nikamfunua kope. Sehemu nyeupe ya jicho ilikuwa na manjano.

"Si mmesema ni safi?" Bi Zuhura aliuliza.

Neema alianza kulia. Nikamjibu mimi. Nilimwambia tulipima maji, na sumu ilikuwa imejificha ndani ya vidudu vyenyewe, na leo ndiyo tumeiona.

"Mie nachemsha," alisema. "Siku zote nauchemshaga ndani ya uji. Unachemka kabisa."

Nikamwambia sumu hii haifi kwa moto. Moto unavipasua tu vile vidudu, sumu ikatoka. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana, kisha akafunga duka bila kuzoa hata mchele uliomwagika, akamnyanyua mtoto, akaingia kwenye gari.

Hospitali walimpima damu na ini lilikuwa limeumia. Daktari alisema hakuna dawa ya kuiondoa sumu ile, ni kuacha mwani mara moja, kumlisha taratibu na kusubiri, kwa sababu ini la mtoto hujijenga upya likiachwa lipumue. Nimesoma sentensi hiyo vitabuni tangu chuoni. Kuisikia ukiwa umesimama kando ya kitanda cha mtoto ni jambo jingine. Kila asubuhi Bi Zuhura alinipigia kunieleza rangi ya macho, leo bado, leo bado, leo kama afadhali lakini huenda ni mwanga wa dirisha. Nami kila asubuhi niliogopa kupokea na niliogopa zaidi simu isipolia. Siku aliyosema mtoto ameomba wali nilikaa chooni pale kazini nikalia vizuri, nikanawa, nikarudi kwenye benchi.

Baadaye alikuja maabara kutaka kuviona vile vidudu. Hakutaka maelezo, alitaka kuona. Nikamwekea tone la birika la zamani, kisha la jipya, nikamweleza kwamba magadi aliyoyaona machafu ndiyo yaliyokuwa yanawazuia wale wa mviringo, kwa sababu wenye springi wanayamudu na wengine yanawashinda. Alipoyatoa, mlango ulikuwa wazi kwa yeyote, waje kwa upepo, kwa ndoo au kwa miguu ya ndege. Aliinama kwenye darubini muda mrefu kiasi kwamba Neema alimletea kiti. Akasema Subhanallah, polepole, mara mbili. Kisha akasema, "Nimewafungulia mie mwenyewe, kwa kupenda usafi." Alirudi kwake akalivunja birika jipya, yale maji akayamwaga kwenye shimo mbali na kisima kama tulivyomwelekeza, na akapita nyumba kwa nyumba kwa kila aliyemuuzia, akiwaambia kwa mdomo wake kilichotokea. Wengine walimtolea maneno makali, na hakurudisha hata moja. Watoto wao walipimwa. Namshukuru Mungu, hakuna aliyekuwa kama Rehema, maana hakuna aliyekuwa akila asubuhi na jioni.

Sisi nasi tulibadili utaratibu. Sasa mnajua kwa nini kila sampuli ya mwani inagandishwa na kuyeyushwa kwa makusudi kabla ya kupimwa, na kwa nini buluu ikikosekana mnarudia. Wengine huona ni usumbufu.

Wiki yangu ya mwisho kazini Bi Zuhura alikuja tena. Alikuwa amevuna mwani mpya wa birika la magadi, siku chache nyuma tulikuwa tumeupokea, na majibu yalikuwa tayari. Safari hii alikuja na Rehema, ambaye alikuwa anazunguka mapokezi akivuta kila droo. Nikamsomea bibi yake ripoti. Tulipasua, tukaona buluu, tukapima, vishimo vimejaa rangi vyote. Cheti kimesainiwa.

Bi Zuhura alikunja cheti akakitia mkobani. Kisha akatoa kikombe chenye mfuniko, mwani wa asubuhi ile, akakiweka mezani kati yetu.

"Karatasi nimeisikia," alisema. "Sasa nakuuliza wewe, dada. Nimpe?"

Katika miaka yangu yote nilikuwa nimeandika majibu ya sampuli. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama lile, na hakuna kifaa mle ndani ambacho kingenisaidia. Neema alisimama akanitazama.

"Mie nisingempa," nikamwambia. "Wewe na mimi tunaweza kunywa sasa hivi. Yeye ini lake limeshapigwa mara moja. Mpe samaki, mpe mchicha, mpe maharage. Huu mwache."

Rehema alikuwa ameshakiona kikombe. Alikikumbuka. Alikuja mbio akanyoosha mikono yote miwili akisema, "Bibi, changu." Bi Zuhura alikishika kile kikombe, na kwa muda nilidhani atampa, kwa sababu tangu mtoto yule aanze kula, yeye hakuwa amewahi kukataa kumpa. Kisha akafungua mfuniko, akakiinua juu mahali mikono haifiki, akaanza kunywa mwenyewe. Uso ulimkunjamana kwa magadi. Rehema alijitupa chini, akapiga sakafu kwa miguu, akapiga kelele hadi wa ofisi ya pili wakatoka kuangalia. Bibi yake hakuacha mpaka tone la mwisho. Akafuta midomo ya kijani kwa ncha ya mtandio, akamnyanyua mtoto aliyekuwa anarusharusha mateke, akatuaga.

Walikwenda hivyo hadi getini, na kilio kilisikika hadi barabarani, kilio kikubwa cha mtoto mwenye nguvu zake. Nilisimama dirishani nikikisikiliza, nikaomba kisiishe upesi.